Hirizi Ndani ya Kopo la Siagi

Tangu tulipotoka South Beach, hapa Durban, mpaka gari likaanza kupanda kuelekea Westville, mama hakumwambia Urbain neno hata moja. Alikuwa amekikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, kitenge chake cha kanisani kimefungwa sawasawa, na mapajani ameshika kopo la siagi kwa mikono miwili. Ndani ya kopo hakukuwa na siagi. Kulikuwa na chumvi ya mawe hadi nusu, na ndani ya chumvi ile mlikuwa na kitu kilichotaka kunikosesha mume.

"Deborah," mama aliniambia tulipoipita robot ya mwisho, zile taa za barabarani, "ambia huyu apunguze mwendo. Niko nashika kintu hapa."

"Urbain, mama anasema upunguze mwendo."

"Sawa, Maman," Urbain akajibu, akapunguza.

Huyu. Tangu Jumanne iliyopita Urbain hakuwa na jina nyumbani kwetu. Alikuwa "huyu", na hasira zikipanda alikuwa "ile mutu ya motoka".

Acha nieleze kisa chenyewe, maana ukikisikia kwa mama utadhani nililishwa jani la msituni. Urbain anafanya kazi kwenye yadi ya magari karibu na bandari. Magari yaliyotumika yanashushwa melini kutoka Japani, yanakaa pale siku kadhaa, kisha yanaondoka kwenda Lusaka, Lubumbashi, na huko mbele. Kazi yake ni kuyapokea, kuyakagua na kuyaosha. Sasa, magari hayo huja na vitu vya wenyewe: mwavuli, soksi ya mtoto, miwani ya jua, na mara kwa mara kijifuko cha hariri kinachoning'inia kwenye kioo. Wenzake huvitupa vile vijifuko. Urbain huviweka kwenye mkebe wa biskuti. Mwezi wa pili mwaka huo, 2012, alichagua kimoja chekundu kilichotariziwa kwa uzi wa dhahabu, akaniletea saluni ninakosuka.

"Ni urembo tu," aliniambia. "Funga ku funguo zako."

Nikafunga. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa kimetoka kwake. Siku zile hata angenipa kizibo cha soda ningekifunga.

Miezi mitatu ikapita. Jumanne ile mama akaazima funguo zangu, akakiona. Kijifuko kimeshonwa pande zote, hakina mlango. Kimefungwa fundo la kamba nyeupe. Kina maandishi yasiyosomeka, na ukikibonyeza, ndani mna kitu kigumu. Muulize mama yeyote wa Bukavu, kwetu Kongo, kitu cha namna hiyo kinaitwaje. Mama yangu anaitwa Gloriose, ni mtu wa maombi ya Ijumaa kwa Mchungaji Onesphore, na hakuhitaji kuuliza.

"Nani alikupa?"

"Urbain."

Akakaa kitandani taratibu. "Na unamupenda tangu lini?"

"Mama, unajua. Tangu miezi mitatu."

"Na hii alikupa lini?"

Nilihesabu mwenyewe kichwani, na hesabu ikaniogopesha. Urbain alinifuata miezi minane, na mara mbili nilimwambia usoni kwamba simtaki. Halafu mwezi wa pili akanipa kile kijifuko, na mwezi wa tatu nilikuwa silali kwa ajili yake.

"Unaona?" mama akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Afadhali ingekuwa ya ugomvi. "Mutoto wangu, hii mapenzi haiko yako. Walikufungia."

Maneno hayo yaliniingia, sitaficha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwenye akili zangu, nasuka vichwa kumi kwa siku na hakuna mteja aliyewahi kunidhulumu hata senti. Lakini usiku ule nililala nikijiuliza swali la ajabu: hiki ninachokisikia kifuani ni changu, au nimewekewa?

Kesho yake nilimfuata Urbain yadi, nikamkuta ameshika ndoo na sifongo.

"Uliniambia urembo."

"Ni urembo."

"Urbain!"

Akaiweka ndoo chini. "Bon. Iko ya dini ya Wajapani. Wanaipataka ku hekalu, inalinda mutu ndani ya motoka. Wewe unapandaka taxi kila asubuhi, na ma-driver wa hapa unawajua. Niliogopa nikisema iko ya dini ya watu, utakataa."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Kidogo."

"Uongo hauna kidogo."

"Eish, Deborah." Akajifuta mikono kwenye suruali, akanitazama kwa yale macho yake ambayo hayajui kujitetea. "Nilitaka ikulinde. Njo vile tu."

Nikaondoka bila kumuaga. Mama, kwa upande wake, alishatoa hukumu. Wajomba watatu wa Urbain walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kutoka Johannesburg kwa ajili ya kujitambulisha, na mama akasema hawatakanyaga mlangoni kwake. Mchungaji Onesphore alitaka aletewe hirizi aichome. Mama akakataa hata hilo. Kwa akili yake, kuichoma ovyo ni kuisambaza. Dawa inarudishwa ilikotoka, aliyeifunga aifungue. Ikirudi, ndipo atafikiria. Isiporudi, Jumamosi hakuna kitu.

"Japani ni mbali, mama."

"Sijue. Huyu anajua njia. Si njo yeye aliileta?"

Kumbe njia kweli alikuwa anaijua. Mwaka uliopita mama mmoja wa Kijapani alifika pale yadi kutafuta taa ya gari lake, akaviona vile vijifuko kwenye pipa la taka. Hakugomba. Alivitoa kimoja kimoja, akavipangusa, akaomba wasivitupe tena, wampelekee nyumbani kwake, kwa sababu kwake kuna hekalu. Ndiyo sababu ya mkebe wa biskuti.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Jumatatu, siku saluni yetu inapofungwa, tulikuwa watatu ndani ya gari, na wa nne wetu kopo.

Nyumba ya mama huyo, Bi Hisae, ilikuwa mwisho wa barabara, pale Westville inapokatika na msitu unateremka bondeni. Alitupokea getini mwenyewe: mwanamke mfupi, miaka sabini na kitu, kofia ya majani kichwani na viatu vya mpira miguuni. Akainama kumsalimu mama. Mama alikuwa amejiandaa kukaza shingo, lakini heshima aliyolelewa nayo ilimtangulia. Goti likakunjika lenyewe.

"Karibuni," Bi Hisae akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Ni chini huku. Shikeni ukingo, mawe yana utelezi."

Tukateremka ngazi za mawe katikati ya miti. Kelele za magari zilibaki juu, na kila hatua hewa ilizidi kuwa baridi. Kijito kilisikika kabla hakijaonekana. Tumbili wawili walikaa juu ya tawi wakitukagua, na Bi Hisae akawaonyesha kidole kama mwalimu.

"Hawa ndio waumini wangu wakubwa," akasema. "Kila nikiweka wali wa sadaka, wao wa kwanza."

Njiani alitueleza. Baba mkwe wake alikuja Durban kununua sufu miaka ya 1930. Akakumbuka kwao, akaagiza mbao kwa meli, akajenga hekalu dogo la dini yao ya kale, Shinto, pembeni mwa kijito, kwa sababu kwao mahali penye maji na miti mikubwa ndipo panapofaa kuombea. Baba mkwe amekufa, mume amekufa. Amebaki yeye na ufagio.

Nilitegemea kitu cha kutisha. Kilikuwa kibanda cha mbao kilichogeuka rangi ya majivu, paa lake la shaba limegeuka kijani, ngazi tatu, kamba nene na kengele. Mbele yake, hatua kumi hivi, lilisimama lango jekundu lisilo na milango: nguzo mbili na mihimili miwili juu yake, rangi imechubuka. Majani yote yalikuwa yamefagiliwa. Palikuwa pametulia kiasi kwamba nilijikuta nashusha sauti bila kuambiwa.

Mama akasimama mbele ya lango, hatua moja kabla.

"Mimi naishia hapa."

"Mama, ni miti miwili tu."

"Deborah, mimi nilibatizwa ku ziwa Kivu, na maji ilikuwa baridi. Siingii."

Nikamtafsiria Bi Hisae kwa kupunguza chumvi. Yeye hakuona tatizo. "Mwambie mama yako kwamba lango hilo lipo ili mtu ajue anapoingia. Anayejua, akaamua kubaki nje, ameliheshimu."

Mama aliposikia tafsiri aliguna kidogo. Kisha akaniambia, "Muulize. Mutu akimaliza na hii kintu, anaitupa?"

Nikauliza. Bi Hisae akashtuka kabisa. "Kutupa? Hapana! Hirizi hukaa na mtu mwaka mmoja tu. Baada ya hapo huirudisha hekaluni, anashukuru, inachomwa. Ukiitupa jalalani ni utovu wa adabu."

"Anasema inarudishwa, mama. Na inachomwa mahali pake."

"Unaona?" mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne aligeuza uso upande wa Urbain. "Nilisema nini? Inarudishwa!"

"Ulisema, Maman," Urbain akajibu, macho chini.

Mama akafungua kopo. Alikuwa amekuja na kijiko chake cha kupikia, akachimbua chumvi, akakitoa kijifuko bila kukigusa kwa mkono. Bi Hisae akachungulia ndani ya kopo, akatabasamu.

"Chumvi. Nani alimfundisha? Hata sisi husafishia kwa chumvi."

Nikatafsiri. Mama aliitazama chumvi yake, akamtazama yule mwanamke, na nikaona kwamba alikuwa hajapanga kukubaliana naye mara mbili ndani ya dakika tano.

Bi Hisae akakipokea kijifuko kwa viganja viwili. Alimpeleka Urbain kwenye birika la jiwe, akamwonyesha namna ya kunawa, kushoto kwanza, kisha kulia. Halafu wakaenda mpaka kwenye ngazi, penye mwanga, atafute miwani yake asome hirizi ni ya nini. Mimi nilibaki langoni, nusu njia, mama nyuma yangu na Urbain mbele yangu. Mimi na Urbain tulikuwa tunalijua jibu. Hirizi ilitoka garini, hirizi zote za mkebe wa biskuti zilikuwa za barabara, hii nayo itakuwa ya barabara. Mama atasikia, atavuta pumzi, Jumamosi wajomba watakuja.

Bi Hisae akavaa miwani, akasoma. Akakigeuza, akasoma tena.

"Hii si ya barabara," akasema.

"Samahani?" Urbain akauliza.

"Zile nyingine ulizoniletea ni za barabara. Hii ni ya mapenzi. Huyu aliyeinunua alikwenda kuomba aunganishwe na mtu. Ni ya mapenzi kabisa, tazama, hata fundo lake ni la kuunganisha wawili."

Nilisikia kila neno. Masikio ya Urbain yalibadilika rangi, na Urbain si mweupe. Alisimama akiangalia kile kitu kwenye kiganja cha yule mama, kisha akageuka polepole kututazama.

Mama alikuwa nyuma yangu, hawezi kuniona uso. Kiingereza chake nilikijua: bei, chenji, na asante. Basi nikafanya nilichofanya. Nikamkonyeza Urbain. Nikatikisa kichwa kidogo, nikaumba neno kwa midomo bila sauti: barabara. Sema barabara. Tuchome, twende, tuoane. Mimi niliyemwambia kwamba uongo hauna kidogo, nilikuwa namwomba uongo mzima mbele ya hekalu la watu.

Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu alipiga hatua moja, akasimama, akanitazama sana, na nikaona huzuni usoni mwake. Kisha akanipita. Akatoka nje ya lango, akasimama mbele ya mama, mikono imeshikana mbele kama mtoto wa shule.

"Anasema ni ya nini?" mama akauliza. Alimuuliza yeye, si mimi.

"Maman." Akainama kidogo. "Zote ziko ku yadi ni za barabara. Nilijua na hii ni ya barabara. Lakini Madame amesoma. Hii ni ya mapenzi."

Juu ya miti ndege mmoja akapiga kelele mbaya, akanyamaza.

"Ya mapenzi," mama akarudia.

"Ndiyo, Maman. Sikujua. Na Deborah, nilimwambia ni urembo, nayo haikuwa kweli. Nilificha. Kama unanifukuza, niko nasikia. Lakini njo ile iko, siwezi kusema ingine."

Mama akaketi juu ya jiwe. Nilitaka kumkaba Urbain na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Machozi yalinijaa, ya hasira zaidi kuliko huzuni. Nikamgeukia Bi Hisae, aliyekuwa ametufuata mpaka langoni, nikamuuliza lile swali lililoninyima usingizi wiki nzima.

"Inaweza kumfanya mtu apende asiyempenda?"

Bi Hisae alinitazama, akaelewa kwamba sikuuliza kwa ajili ya mama.

"Binti, aliyenunua hii alikuwa msichana fulani Japani, miaka mingi nyuma. Aliomba mapenzi yake yeye. Mapenzi yako wewe hakuyajua." Akavua miwani. "Na kuhusu nguvu zake, mimi nilipokuwa msichana nilinunua tatu kwa ajili ya mwanamume mmoja. Tatu! Akamuoa binamu yangu."

Kabla sijafungua mdomo kutafsiri, nilimwona mama anabana midomo, kama mtu anayezuia kucheka kanisani. Nikadhani ni hasira.

"Anasema—"

"Ichome," mama akasema, akasimama. "Ichome, halafu tutaona."

Wakawasha moto mdogo kwenye chungu cha chuma kando ya hekalu. Bi Hisae akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akasema maneno machache ya kwao, akakiweka kijifuko motoni. Nje ya lango mama naye alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda kasi, na jina la Yesu nililisikia mara kadhaa. Kila mmoja aliongea na wake, na hakuna aliyemwingilia mwenzake.

Hariri ilijikunja, ikawa nyeusi. Uzi wa dhahabu ulichelewa kidogo, nao ukaisha. Mimi nilisimama nikijisikiliza kifuani. Niliogopa kweli. Niliogopa kwamba moshi ule ukipanda, kitu kitachomoka ndani yangu kiondoke nao, na nitamtazama Urbain na kumwona kama nilivyomwona ile miezi minane: mtu mmoja mwenye buti za kazi anayenizuia njia.

"Imekwisha?" mama akauliza.

"Imekwisha, mama."

"Kuya hapa. Na huyu asimame pale."

Urbain akasimama chini ya lango.

"Sasa hakuna dawa," mama akasema. "Imebaki macho yako tu. Muangalie. Angalia muzuri, usiharakishe. Uniambie unaona nini."

Nikamwangalia. Sijawahi kumwangalia mtu namna ile, hata mteja anayetaka kusukwa kwa ajili ya harusi yake.

"Namwona mfupi," nikasema.

Urbain akainua macho.

"Endelea," mama akasema.

"Namwona mfupi, mama. Shati lake halina kifungo cha pili. Ana kovu la ndevu, hajui kunyoa. Ananuka sabuni ya kuoshea magari hata siku ya mapumziko. Na ni mwoga, ananificha mambo akidhani nitakataa."

Urbain alikuwa anazidi kuwa mfupi kadiri nilivyosema. Kisha nikakumbuka kitu kilichokuwepo siku zote na mimi sikukihesabu.

"Mama, unakumbuka mwezi wa kwanza nilipougua mafua, siku tano sikutoka kitandani?"

"Nakumbuka."

"Nilirudi saluni nikakuta kiti changu kipo. Nilidhani patron wa saluni amenionea huruma. Kumbe huruma gani! Wasichana waliniambia: kila jioni huyu alitoka yadi, akaja kufagia nywele zamu yangu, na buti zake zile, ili kiti changu asipewe mtu mwingine. Wateja walimcheka. Hakuniambia mpaka leo." Nikajipangusa pua kwa mkono, bila aibu. "Ulikuwa mwezi wa kwanza. Kijifuko alinipa mwezi wa pili. Nilihesabu vibaya, mama. Mimi nilianza kwenye ufagio."

Mama akamtazama Urbain. "Ulifagia wewe?"

"Ilikuwa nywele tu, Maman."

"Na sasa?" mama akanigeukia. "Moto umezima. Unasikia nini?"

"Nasikia vile vile. Nampenda, mama. Na huo ufupi wake."

Mama akaliinua kopo lake. Alimwaga chumvi yake chini ya mti, nje ya lango, kwa uangalifu. Bi Hisae akaliomba lile kopo, akaliosha kijitoni, akapanda nalo bustanini, akalirudisha limejaa ndimu. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Kwetu pia chombo cha mtu hakirudi kitupu, na nadhani hilo lilikuwa la tatu.

Tulipofika garini Urbain alifungua mlango wa nyuma, kama asubuhi. Mama akaupita, akaenda kufungua wa mbele mwenyewe, akakaa, akaliweka kopo mapajani. Mimi nikaingia nyuma. Tulishuka Westville, Urbain ameshika usukani kwa mikono miwili. Kwenye robot ya kwanza, taa nyekundu, mama akaongea bila kugeuka.

"Deborah."

"Mama."

"Ulimukonyeza."

"Mama, mimi—"

"Madame alikuwa na miwani, mimi niko na macho. Ulitikisa kichwa, ukafanya na mudomo. Barabara."

"Uliona mgongo wangu tu!"

"Niliona uso ya huyu. Ilitosha."

"Lakini... uliwezaje kujua amesema nini?"

Mama akacheka kidogo, puani. "Miaka tisa niko nauza samaki ya makayabu na unga wa muhogo ku soko ya Durban. Nauzia Wazulu, nauzia Wahindi. Unafikiri nauza na vidole? Yule mama alisema love mara mbili. Love iko imeandikwa hata ku soksi za batoto."

Kumbe kicheko alichokibana kilikuwa cha binamu aliyeolewa.

"Sasa kama ulisikia, kwa nini ulimuuliza Urbain?"

"Nilitaka nisikie atasema nini."

Urbain aliitazama taa nyekundu kana kwamba ndiyo itakayomwokoa.

"Angesema barabara," mama akaendelea, sauti yake ya kawaida, ile anayotajia bei, "ningeshukia hapa hapa. Ningekushika mukono, na Jumamosi mulango ingekuwa na kufuli. Dawa mutu anaweza kurudisha. Uongo unarudisha wapi?" Akapanga ndimu zake zisidondoke. "Wewe njo wa kuombewa. Ijumaa utakuja kwa Mchungaji."

"Ndiyo, mama."

"Papa."

Urbain aliangalia kwenye kioo, kwanza kunitazama mimi, kama aliyetaka kujua ni nani anaitwa; kwetu mama humwita hivyo mwanawe wa kiume.

"Papa, niko naongea na wewe. Wajomba wako banakuya wangapi Jumamosi?"

"Batatu, Maman." Akanyanyua vidole vitatu kwenye usukani. "Batatu."

"Banakula makayabu?"

"Banakula sana, Maman."

"Bon. Na utafute kifungo ya ile shati. Endesha, robot imefunguka."